Baridi Inayotoka Chini

Mpakani Mugina, afisa wa forodha aliuvuta mfuko wangu wa rangi ya chungwa kutoka kwenye begi, akaubinya, akauliza kama ndani kuna boti. Nikamwambia ni godoro. Aliutazama mfuko wenyewe, ambao hauzidi chupa ya maji ya lita moja na nusu, akanitazama mimi, akaurudisha begini kwa adabu ya mtu aliyeamua kutobishana na mgeni.

Nilikuwa nimetoka Kasulu alfajiri, nikavuka Manyovu, na mbele yangu kulikuwa na mteremko wa kutoka Mabanda hadi Nyanza-Lac, kisha Rumonge, kisha barabara ndefu inayoambaa Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto mpaka Bujumbura. Siku hiyo ningeishia Kamenge, kwa dada yangu. Safari niliyoijia ilikuwa inaanzia hapo: kupanda hadi Teza, ukingoni mwa msitu wa Kibira, tukalale nje. Ilikuwa Julai, kiangazi, wakati mbingu za milimani ziko wazi na usiku wake una makali.

Kamenge si mahali pa kumfanya mtu afikirie godoro la kukinga baridi. Iko kaskazini mwa jiji, juu kidogo tu ya ziwa, mita mia nane na ushei kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa jasho, mbu na muziki wa baa. Mishikaki inachomwa kando ya barabara hadi usiku wa manane, na anayetaka kulala mapema inabidi awe na usingizi wa kweli. Lakini ukiinua macho mashariki, milima imesimama hapo hapo, karibu kiasi kwamba jioni unaona moshi wa majiko ya watu wa juu. Hata mitaa ya Kamenge imechukua majina ya huko: upo mtaa wa Heha, jina la mlima mrefu kuliko yote Burundi, na upo mtaa wa Teza. Nilipomwambia jirani mmoja wa dada kwamba kesho kutwa naenda Teza, aliniuliza kwa nini nisiende sasa hivi, ni hatua chache tu.

Shemeji yangu alizaliwa hapa. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Kamenge iligeuka uwanja wa mapigano, na mwaka 1995 jeshi liliikomba mitaa yake hadi ikabaki karibu tupu. Yeye alikuwa kijana wa shule. Alipita milimani kwa miguu, usiku kwa usiku, akaishia kambi ya Mtabila, kwetu Kasulu, na huko ndiko alikokutana na dada. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 walirudi na watoto, wakaanza upya kwenye kiwanja cha baba yake. Mtoto wao mkubwa, ambaye kwa desturi ni mwanangu na huniita mama mdogo, ndiye aliyekuwa mwenzangu wa safari. Jioni nyingi huwa kwenye Kituo cha Vijana cha Kamenge, kile kilichoanzishwa na mapadri wa Kixaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili vijana wa mitaa ya kaskazini, Wahutu kwa Watutsi, wacheze na wasome pamoja. Mwaka 2002 kituo hicho kilipata tuzo ya Right Livelihood, lakini kwake yeye ni mahali penye uwanja wa mpira wa kikapu na maktaba.

Nilipoyafungua magodoro yangu sebuleni, watoto wa majirani wamejaa mlangoni, kila mtu alicheka isipokuwa shemeji.

"Shemeji, baridi ya mlimani haitoki juu," alisema. "Inatoka chini. Mablanketi tulikuwa nayo. Kilichotutesa ni ardhi."

Nikamuuliza walifanyaje. Akaeleza taratibu, kama mtu anayetoa maelekezo ya kupika. Nyasi kavu, nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Juu yake majani makavu ya mgomba, juu yake ikirago, mkeka wa Kirundi. Nyasi mbichi hazifai, zinatoa maji. Nyasi zilizolaliwa usiku mmoja zinakuwa zimelala nazo, hivyo kesho yake unazichambua zinyanyuke tena au unatafuta nyingine.

Nimesoma maelezo mengi ya watengenezaji wa magodoro ya kambi, yenye michoro na mishale ya rangi, na sikuwahi kukuta yaliyolisema jambo hili vizuri kumshinda. Kinachokukinga ni hewa iliyotulia. Nyasi zinaishika hewa isitembee. Uzito wako ukizibana, hewa inatoka, na ardhi inakufikia. Ndiyo maana mfuko wa kulalia, hata ukiwa wa manyoya ya bata, chini ya mgongo hauna kazi: umeyalalia manyoya, hayana tena nafasi ya kushika hewa. Wanaopima mifuko hiyo maabara huilaza juu ya godoro lenye kinga, kwa hiyo zile nyuzi zilizoandikwa kwenye lebo zinadhani unalo godoro la namna hiyo. Ukinunua mfuko wa bei kubwa ukaulaza juu ya turubai tupu, lebo haikuhusu.

Nilikuwa na magodoro mawili. La kwanza ni sponji ngumu, ya mikunjo, unene wa vidole viwili hivi, uzito chini ya nusu kilo. Povu lake lina vijishimo vilivyozibwa kimoja kimoja, kwa hiyo halinywi maji, halipati pancha, na unaweza kulikalia juu ya mawe bila wasiwasi. Wapagazi wengi wa Kilimanjaro wanalalia sponji ya aina hii. Ubaya wake ni wa namna mbili: ni kubwa, lazima ifungwe nje ya begi, na kwa anayelala ubavu kama mimi nyonga inagusa chini.

La pili ndilo lililomshangaza afisa wa forodha. Ni la hewa, linafika unene wa sentimita saba au nane likijazwa, na tumboni mwake mna tabaka za plastiki nyembamba iliyopakwa alumini. Kazi ya tabaka hizo ni mbili. Zinaigawa hewa vyumba vidogo isizunguke, na zinarudisha joto la mwili lisimulike moja kwa moja hadi ardhini. Magodoro mengine ya jamii hii hutumia nyuzi laini za plastiki badala ya alumini, na ya ghali zaidi hutiwa manyoya. Lango la biashara yote hii lilifunguliwa Seattle mwaka 1972, na mainjinia wawili waliopunguzwa kazi Boeing, Jim Lea na Neil Anderson, pamoja na rafiki yao John Burroughs. Walichukua sponji laini, wakaigandisha ndani ya kitambaa kisichopitisha hewa, wakaweka vali. Ukifungua vali, sponji inajinyoosha na kuvuta hewa yenyewe. Wakaliita Therm-a-Rest. Godoro la hewa tupu lenye kinga ndani, jepesi kama hili langu, lilikuja baadaye sana.

Nililinunua Moshi, limetumika. Wageni wanaoshuka Kilimanjaro huwaachia wapagazi vitu, viatu, makoti, magodoro, na vingi vinaishia kwenye maduka ya kukodisha na kuuza vifaa vya mlima. Jipya la aina hii, huko linakotoka, huuzwa zaidi ya dola 150, na sioni sababu ya kutoa pesa hiyo wakati kuna mtu Moshi amelipewa bure na anahitaji ada ya shule. Ila la mtumba linahitaji macho. Nilimwambia muuzaji alijaze, tukalilaza sakafuni, nikaagiza chai. Chai ilipokwisha nikalilalia, kisha nikalikagua mgongo na tumbo nikitafuta nundu. Godoro la hewa lina kuta ndani zilizogandishwa juu na chini. Kuta zikiachana, upande huo unavimba, na nundu ya namna hiyo haina dawa. Mwisho nikanusa mdomo wa vali. Watu hujaza kwa pumzi, pumzi ina maji, na maji yakikaa ndani miezi mingi yanaleta ukungu. Lililonuka kama darini nililirudisha. Hili halikunuka kitu, na lilikuwa na mfuko wake wa kujazia, ambao unaukamata kwenye vali, unaufunga na hewa yake, unaukamua. Kwa anayekaa kando ya ziwa lenye hewa ya unyevu, mfuko huo una faida kuliko hata rangi nzuri.

Kwenye vali iliandikwa herufi R na namba 4 na ushei. Hiyo namba ndiyo ya kusoma kwanza, kabla ya uzito na kabla ya bei, kwa sababu ndiyo inayosema godoro linaizuia ardhi kiasi gani. Zamani kila kampuni ilijipimia kivyake, na namba 4 ya huyu haikuwa 4 ya yule. Mwaka 2018 kukatolewa kipimo cha pamoja, kinachojulikana kama ASTM F3340: godoro linajazwa hewa, linawekwa kati ya sahani mbili, ya juu ya moto na ya chini ya baridi, kisha wanapima umeme unaotumika kuiweka sahani ya juu kwenye joto lile lile. Godoro linaloiba joto kidogo linapata namba kubwa. Chini ya 2 ni la kiangazi cha pwani. Kati ya 2 na 4 linatosha usiku wa baridi ya kawaida. Kutoka 4 kwenda 5 na nusu ni la baridi ya kweli, na zaidi ya hapo ni la kulalia theluji.

Basi Teza inataka ngapi? Hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Kamenge hadi ukingo wa milima kuna kama mita 1,400 za kupanda, hivyo ukiondoka na nyuzi 20 za usiku unakuta kama 11, na alfajiri ya kiangazi, mbingu zikiwa wazi, hushuka chini ya hapo. Si barafu. Ukiwauliza wauzaji wa Ulaya watakuuzia namba 7, maana wao wanafikiria Alpi wakati wa baridi. Kwa milima yetu ya Burundi, Kigoma, Usambara na hata Iringa, mwanaume mwenye afya analala vizuri juu ya 3. Mimi nilichukua zaidi kwa sababu mbili. Wanawake kwa wastani husikia baridi mapema, na wapimaji wa mifuko ya kulalia wanalijua hilo, ndiyo maana lebo huwa na nyuzi mbili tofauti, ya kulala kwa raha inayokadiriwa kwa mwanamke na ya chini zaidi inayokadiriwa kwa mwanaume. Halafu nina mpango wa kurudi Kilimanjaro, ambako Barafu na Kibo, juu ya mita 4,600, maji ya chupa huganda ndani ya hema.

Usiku ule dada alinitandikia kitandani, mimi nikang'ang'ania sakafuni, nilijaribu godoro. Saruji ya Kamenge ina ubaridi wa kupendeza. Juu ya godoro lenye alumini nilitoka jasho kana kwamba nimelalia jiko. Kukicha nikaona jambo jingine: nyonga inagusa chini. Hewa imepungua.

Hewa ikipoa inasinyaa, kwa hiyo godoro lililojazwa jioni yenye joto hulegea usiku hata kama halina tundu. Lakini sebule ya Kamenge haikupoa kiasi hicho. Nikalikunja tukaenda na mwanangu kwa fundi baiskeli aliye chini ya mwembe, karibu na barabara ya hospitali, ile ambayo wazee bado huiita Roi Khaled.

Fundi alikuwa na beseni la maji ya kutafutia pancha za tyubu. Godoro halikuingia. Hakusumbuka, alipiga sabuni kwenye kopo, akalijaza godoro hadi likawa gumu, akawa analipaka povu kipande kwa kipande kwa brashi ya viatu, huku sikio lake liko karibu, hazungumzi na mtu. Ilipofika pembeni mwa vali, povu likaanza kuchemka pole pole. Tundu la mwiba, dogo kiasi kwamba mwenyewe nisingeliona hata kwa wiki nzima. Akachukua msasa na solusheni.

"Hapo ngoja, kaka," nikamwambia. "Hii haishiki."

Hakupenda. Ameziba tyubu tangu utotoni, na mimi mgeni wa kutoka Tanzania namfundisha kazi. Nikamwomba abandike kiraka kidogo pembeni kabisa, ajionee. Alibandika, akakipuliza, akangoja kikauke, kisha akakibandua kwa ukucha bila kutumia nguvu. Solusheni ya baiskeli imetengenezwa kuungana na mpira wa tyubu. Kitambaa cha godoro hili ni nailoni iliyopakwa plastiki ya polyurethane, na plastiki hiyo haipokei. Nilikuwa na kijitubu cha gundi ya jamii yake, ile inayotumika pia kuziba mishono ya mahema. Fundi alikisoma mbele na nyuma, akasafisha mahali kwa spiriti, akatia tone moja, akalitandaza kwa njiti ya kiberiti kwa ustadi ambao mimi nisingeuweza. Likaachwa hadi kesho yake. Nilipomuuliza bei alisema atachukua gundi iliyobaki. Nilimwachia nusu.

Wakati huo mwanangu alikuwa ameingiwa na wivu wa magodoro. Akaenda soko la Kwa Siyoni, Ngagara, ambako wafanyabiashara wengi walihamia baada ya soko kuu la Bujumbura kuteketea Januari 2013, akarudi na godoro la hewa la plastiki nene la buluu, la kuelea kwenye maji, lenye unene mara mbili ya langu.

"Mama mdogo, hili linashinda la kwako. Angalia lilivyo nene."

"Litakuwa la baridi, mwanangu."

"Litakuwaje la baridi na mimi niko mbali na ardhi?"

Swali zuri, na sikulijibu. Nilimwambia tu abebe ile sponji ngumu pia.

Kuondoka Kamenge hakukuwa kwepesi. Mafuta ya gari Burundi yamekuwa adimu kwa miaka sasa, na foleni za magari kwenye vituo ni ndefu kuliko za watu. Tulingoja nusu ya asubuhi hadi gari dogo la abiria likajaa, tukaipanda barabara ya RN1, tukaiacha Gasenyi na ikulu ya Ntare Rushatsi iliyojengwa na Wachina, kisha kona zikaanza. Kati ya Bujumbura na Bugarama kuna kama kilomita 35 tu, lakini ni kupanda mtindo mmoja. Malori yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma ya kila lori wananing'inia vijana wa baiskeli, mkono mmoja kwenye chuma, wakivutwa juu bila malipo. Huko juu hupakia ndizi au makaa hadi baiskeli yenyewe haionekani, kisha wanateremka kwa kasi inayomfanya abiria afumbe macho. Mwanangu aliwahesabia majeraha waliyonayo kama anavyohesabu mabao ya timu yake.

Bugarama tulishuka kwenye ukungu. Karoti, kabichi, vitunguu vya majani, vyote vimepangwa kando ya lami, na wauzaji wamevaa masweta na kofia za sufu. Kutoka asubuhi ya ndala hadi hapa hatukuwa tumekaa garini muda wa kutosha kumaliza stori moja.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya kambi havilisemi. Burundi haina pori tupu la mtu kwenda kulala peke yake. Kila kilima kina watu, kila mtaro una shamba, na mahali pasipo na watu pana msitu wa serikali. Kibira, kilomita za mraba kama 400 za msitu wa mlimani unaoungana na Nyungwe ya Rwanda, wakati mmoja ulikuwa uwanja wa uwindaji wa wafalme. Leo ni hifadhi ya taifa yenye sokwe, na ndani yake huingii bila ruhusa ya OBPE, ofisi ya mazingira, achilia mbali kulala. Kuna wanajeshi pia. Sisi tulipofika Teza tulikwenda kwanza kwa mkuu wa kilima, tukajieleza, Kiha changu na Kirundi chake vikaelewana vizuri tu, akatupeleka kwa familia inayofanya kazi kwenye mashamba ya chai. Tukapewa kipande cha nyasi kati ya mikaratusi na chai, msitu ukiwa juu yetu upande wa pili wa bonde. Watoto wa kilima chote walihudhuria usimikaji wa hema. Ukilala nje Burundi, unalala ugenini.

Jua lilipotua baridi ilishuka kwa haraka. Nililijaza godoro langu mapema, nikaliacha lipoe kidogo, kisha nikaliongeza hewa kabla ya kulala, kwa sababu ile ya kusinyaa. Sikulijaza likawa gumu kama ubao. Nililegeza hadi nyonga ikazama kidogo bila kugusa ardhi. Mwanangu alijaza lake la buluu kwa kifua chake mwenyewe hadi macho yakamtoka, akajilaza, akatamba. Sponji ngumu aliitandika chini ya godoro, kulilinda na vijiti. Hapo sikumpinga, ndivyo watu wengi wanavyofanya, na magodoro mawili yakiwekwa moja juu ya jingine, kinga yake ni karibu jumla ya namba zake za R.

Tatizo ni kwamba godoro la buluu halikuwa na chochote cha kujumlisha. Usiku wa manane nikasikia meno yake.

"Mama mdogo, umelala?"

"Nimelala."

"Mgongo wangu umekufa."

Ndani ya godoro lisilo na kinga hewa iko huru. Kila akijigeuza inasukumwa huku na huku, ile iliyopoa chini inamfikia mgongoni, na joto lake mwenyewe linamulika hadi upande wa chini wa godoro bila kizuizi. Unene ulimfanya alale laini, lakini joto alikuwa analitoa kupasha chombo kizima cha hewa ya Teza. Nikamwambia aitoe sponji chini ailete juu, mgongo uiguse. Alinung'unika, tukawasha tochi, tukahangaika ndani ya hema dogo, plastiki ya alumini ya kwangu ikipiga kelele kila nikisogea. Hiyo kelele ndiyo lawama pekee niliyonayo juu ya godoro langu, na kwa anayelala na mtu mwenye usingizi mwepesi ni lawama kubwa. Baada ya robo saa akanyamaza. Baada ya nusu saa akaanza kukoroma. Kipimajoto nilichokitundika nje kilisoma nyuzi 8 nilipotoka alfajiri.

Gundi ya fundi ilishika. Nyonga yangu haikugusa chini.

Asubuhi mwenye nyumba alituletea chai ya maziwa na viazi, akaliomba godoro langu alijaribu. Alilala chali na makoti yake na viatu vyake, akafumba macho, akasema kwa Kirundi kwamba chini yake kuna mtu amewasha moto. Kisha akauliza bei. Nilimtajia ya Moshi, si ya Marekani, na bado akakaa kitako. Akaonyesha nyuma ya nyumba yake palipokuwa na lundo la nyasi kavu za kuezekea banda la mbuzi, akasema tungeomba tu.

Tulirudi Bugarama mchana kungoja gari. Mwanangu alikuwa na wazo: vijana wa kituo, kundi la watu ishirini, awapandishe Teza Desemba shule zikifungwa. Aliniuliza anunue magodoro gani. Si la hewa hata moja, nilimwambia. Ishirini wa umri ule ndani ya mahema, na viatu, na visu vya kumenyea viazi, pancha zitakuwa kumi usiku wa kwanza, na Desemba ni mvua. Sponji za magodoro wanazouza Kamenge kwa kipande ni rahisi, lakini ni povu lililo wazi, linakunywa maji na kukaa nayo, kwa hiyo kila kipande lazima kishonewe nailoni. Kuna kitu bora zaidi ambacho nilikuwa nimekiona kwenye meza za vifaa vya watoto Kwa Siyoni: vile vigae vya povu vya kuunganisha, vyenye herufi na tarakimu, vya mtoto kuchezea sakafuni. Ni povu gumu lililofungwa, la ukoo ule ule na sponji yangu. Kwa kila mtu viwe tabaka mbili, kutoka mabega hadi magoti. Miguu ilalie begi. Na chini ya vyote, nyasi, kama alivyoeleza baba yake.

Alinisikiliza mpaka kwenye vigae, akatoa simu. Nilipokwenda kununua karoti za dada alikuwa anamwuliza mtu bei ya jumla, na nilipolipa alikuwa amesimama katikati ya wauza kabichi akibisha kwa sauti kwamba hahitaji alfabeti kamili, ampe hata zilizopungukiwa herufi, ilimradi ashushe bei.